Sakafu Zilizopanda Bila Kibali

Habari hii nilipewa na Mwanasiti, mke wa mdogo wangu wa kiume, msimu ule choroko zilipoingia wadudu, tumekaa ukumbini tunazichambua. Alikuwa amerudi kutoka nchi moja ya mbali alikokwenda kupika katika wodi ya wazazi. Jina la nchi hakunitajia. Nilipomuuliza akasema, "Wifi, ukishalijua jina, utaanza kuwajua na watu." Basi nikaacha. Yote niliyoyaandika hapa ni yake. Pale alipocheka mimi nimeweka nukta tu.

Katika nchi hiyo kulikuwa na jimbo, na katika jimbo kulikuwa na jumba moja refu kama gari moshi. Lilikuwa jumba moja lakini lilizinduliwa mara mbili. Wageni fulani walitoa fedha ijengwe hospitali, na wageni wengine wakatoa fedha ijengwe ofisi ya Mkuu wa Jimbo. Viongozi wa kule ni watu wasiopenda ubadhirifu, wakajenga jumba moja. Wakakata utepe upande wa magharibi, ikawa hospitali. Wiki iliyofuata wakakata utepe upande wa mashariki, ikawa ofisi. Kila mgeni alipigwa picha upande wake, akarudi kwao ameridhika.

Upande wa mashariki ulijengwa mwishoni, wakati saruji imeshachoka. Mifuko mingi ilikwenda kupumzika shambani kwa Mkuu wa Jimbo, na huko ikapata banda la ng'ombe ambalo mpaka leo halina hata ufa. Msingi wa ofisi ukamaliziwa kwa mchanga na nia njema.

Mkuu wa Jimbo mwenyewe alikuwa Mheshimiwa Ngwali, mtu mnene, mpole akishiba. Alikuwa na kiti cha ngozi chenye miguu ya shaba, kizito kama ng'ombe aliyelala. Kiti hicho kilikuwa na heshima zake. Akienda harusini, kinabebwa. Akienda msibani, kinabebwa. Wanaume wanane walikuwa wameajiriwa kwa kazi hiyo, na wote waliandikwa kuwa wataalamu wa kilimo.

Dalili ya kwanza ilikuwa limau.

Mwanasiti, ambaye alipika wodini lakini aliazimwa ofisini siku za wageni, alikuwa anaingiza sinia la chai. Limau likamponyoka pale mlangoni. Badala ya kutulia, likabingirika lenyewe, likapita chini ya meza ya mikutano, likapita miguu ya wakuu wa idara mmoja mmoja, likaenda kusimama kwenye kiatu cha Mheshimiwa.

Aliyeokoa jahazi ni Bwana Shomvi, Afisa Itifaki, mtu mwembamba ambaye kazi yake ilikuwa kujua nani akae wapi na nani asimame lini.

"Mnaona?" akasema, sauti inatetemeka kwa furaha. "Hata limau linajua pa kwenda!"

Wakapiga makofi. Tangu siku hiyo kila mkutano ulifunguliwa kwa limau. Mgeni akija, anapewa alitupe mwenyewe, asije akasema amefanyiwa kiini macho.

Baada ya limau ukaja ufa. Ulianzia kona ya ofisi, nyuma ya bendera. Akaitwa mchoraji, akaupaka rangi ya kijani na kuuchorea majani, ukawa mmea unaotambaa. Ulipendeza sana. Kila mwezi mchoraji aliitwa kuongeza majani, na kabla mvua hazijaanza mmea ulikuwa umefika darini na kuanza kushuka upande wa pili. Gazeti la jimbo likaandika kwamba ofisi ya Mheshimiwa inaongoza kwa kutunza mazingira.

Mwisho, siku moja Mheshimiwa akiwa anaapisha mahakimu, kiti kikaanza safari. Kilitoka kwenye zulia taratibu, yeye yumo, mkono umeinuliwa, kikaenda mpaka kona ya bendera na kugota ukutani. Mahakimu wakageuka wote pamoja wakaendelea kuapa wakiangalia kona.

Mheshimiwa alipomaliza akauliza, "Nani huko magharibi ananyanyua jengo langu?"

Swali lilikuwa limeulizwa na mkubwa, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba lilikuwa limekaa kichwa chini. Akaitwa Injinia.

Injinia Makungu alikuwa na shahada mbili na hofu moja, na katika hizo tatu hofu ndiyo iliyokuwa na uzoefu zaidi. Aliingia na mpira mrefu mweupe, ule wa kuonyesha maji ndani, ameuzungusha begani.

"Mheshimiwa, hii kazi si ngumu," akasema. "Mpira huu ukijaa maji, maji yanasimama usawa mmoja huku na huku, hata ukiupitisha vyumba kumi. Tunapima kutoka kwenye maji mpaka sakafuni, tunajua wapi pamekaa juu na wapi pamekaa chini. Tunachohitaji ni mahali pa kuanzia. Kitu kisichotikisika, huko nje. Lile jabali la soko la mbuzi linafaa sana."

Bwana Shomvi akaruka kama aliyekalia msumari. "Jabali! Unataka Mheshimiwa apimwe kwa jabali?"

"Si yeye, Bwana Shomvi. Sakafu yake."

"Sakafu yake ni yeye! Na hilo jabali lina cheo gani? Nani alilithibitisha kazini?"

"Liko pale tangu dunia..."

"Hata mama mkwe wangu yuko pale tangu dunia. Tumpimie na yeye?"

Mheshimiwa akainua kidole. "Injinia, hiyo sehemu ya kuanzia mnaipa namba gani?"

"Kwa kawaida sifuri, Mheshimiwa."

Mwanasiti anaapa kwamba hata jokofu liliacha kunguruma.

"Sifuri," akasema Mheshimiwa, polepole. "Mimi."

"Au mia!" Injinia akasema mbio, jasho linamtoka. "Mia ni namba nzuri sana, Mheshimiwa. Wengi wanaipenda mia."

Basi ikaamuliwa. Chini ya kiti cha Mheshimiwa ndiyo mia. Sakafu nyingine zote za jumba zitapimwa kutoka hapo, na kwa sababu hakuna aliye sawa na Mheshimiwa, zote zilitarajiwa kuwa chini ya mia. Bwana Shomvi alishaandaa hata zawadi kwa sakafu itakayokuwa ya chini kuliko zote, kwa unyenyekevu.

Walipima asubuhi nzima. Injinia alishika ncha moja ya mpira ofisini, msaidizi wa Bwana Shomvi akaenda na ncha nyingine chumba kwa chumba, akipiga kelele kutoka mbali kama mchuuzi wa samaki.

Kwa katibu muhtasi: mia na mbili. Kwa mhasibu: mia na tano. Jikoni: mia na saba.

Kila namba ilipotajwa Bwana Shomvi alihamia kiti kifupi zaidi. Ilipofika jikoni hakikubaki kiti, akakaa chini.

"Wodi ya wazazi," sauti ikasikika kutoka magharibi kabisa. "Mia na kumi na moja!"

Injinia alijua. Mwanasiti anasema ilionekana kabisa usoni mwake. Alijua wodi ile haijasogea hata unywele, ni ofisi iliyokuwa inazama kama chapati kwenye chai. Katibu muhtasi alijua. Wanaume wanane wa kiti walijua, wao kila siku walikibeba wakipanda mlima ndani ya nyumba. Nadhani hata Mheshimiwa alijua. Lakini kujua ni jambo moja, na kuwa wa kwanza kujua ni jambo lingine.

"Sakafu zimepanda, Mheshimiwa," akasema Injinia, anatazama viatu vyake.

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Zimepanda tu."

Jioni hiyo redio ya jimbo ilitangaza kwamba sakafu za watumishi zimepanda kutokana na uongozi bora. Kesho yake asubuhi ikatangaza kwamba taarifa ya jana ilitolewa kwa makosa, na kwamba sakafu za watumishi zimepanda bila kibali, na kwamba wahusika watajieleza.

Wengi hawakujieleza. Walichukua sururu. Katibu muhtasi alikuwa wa kwanza kuvunja sakafu yake, akalia huku anachimba ili ionekane anajuta. Mhasibu akang'oa vigae, akachimba mpaka akafika mahali akakuta kiatu cha fundi aliyejenga. Jikoni wakachimba. Ofisi ya ardhi, ambao ni watu wa bidii, walichimba kupita kiasi, wakawa wanaingia kazini kwa ngazi.

Likazuka tatizo lingine. Wananchi waliokuja kupata huduma walisimama barazani kama zamani, lakini karani sasa alikuwa shimoni, na kilichoonekana ni utosi wake. Mwananchi akawa anaizungumzia serikali kutoka juu. Bwana Shomvi hakulala. Ikatoka amri kwamba anayetaka huduma apige magoti kwanza, hata kama anachotaka ni kuuliza saa.

Wodi peke yake ndiyo haikuchimbwa.

Msimamizi wa wodi alikuwa Bi Sikudhani, mkunga, mwanamke mfupi wa mikono mikubwa. Nusu ya watumishi wa jumba lile aliwazalisha yeye, na akikasirika huwakumbusha walivyotoka. Aliitwa ofisini. Akaja na aproni yake ya kazi.

"Bi Sikudhani," akaanza Bwana Shomvi, "sakafu yako imempita Mheshimiwa kwa namba kumi na moja."

"Sakafu yangu iko palepale ilipomwagwa, mwanangu."

"Namba hazisemi hivyo."

"Namba hazijawahi kupiga deki pale. Mimi napiga kila siku. Ingekuwa inapanda, mgongo wangu ungefurahi."

Mheshimiwa akaegemea mbele. Kiti kikalia, kikajishika. "Mama, sina ugomvi na wewe. Wenzako wamechimba, wamejishusha, mambo yamekwisha. Na wewe chimba."

"Nina wagonjwa, Mheshimiwa. Nina wenye mimba za miezi tisa. Nikivunja sakafu watalala wapi?"

"Watavuka mto," akasema Bwana Shomvi. "Wilaya ya pili wana wodi. Kuna daraja."

"Lile daraja lilizinduliwa tu. Halijajengwa."

"Lakini lilizinduliwa."

Bi Sikudhani akawatazama mmoja mmoja, kama anayetafuta nani kati yao wa kukata kitovu. Kisha akaondoka.

Pale wodini, kitanda cha karibu na dirisha, alikuwa amelala mwanamke anayeitwa Mwajabu, mshona mikeka. Mimba yake ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza alivushwa mtoni kwa mtumbwi, uchungu umeshamshika, na mara zote mbili alirudi na mtumbwi uleule mikono mitupu. Safari hii alikuja wodini mapema, siku zake hazijafika, akajilaza, akasema haondoki.

Bi Sikudhani alipomweleza, Mwajabu hakupiga kelele. Alishika chuma cha kitanda tu.

"Huyu sivuki naye, Bi Sikudhani."

"Najua, mama."

"Wakichimba, wanichimbie nikiwa humuhumu."

"Hawachimbi."

"Wewe utawazuiaje? Wamechimba hata ofisi ya ardhi."

Bi Sikudhani alikwenda jikoni, yaani shimoni, akamkuta Mwanasiti anasonga ugali, akaomba chai. Akainywa amesimama. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu, "Hivi, Mheshimiwa akikaa harusini, na kule napo ni mia?"

"Si ndiyo," Mwanasiti akasema. "Bwana Shomvi anasema mia inamfuata mwenyewe."

"Aa," akasema Bi Sikudhani. Akamaliza chai.

Mvua zikaja. Ziliponyesha siku kadhaa, wakapima tena. Ofisi bado mia, kwa sheria. Waliochimba wote walikuwa wamepanda upya, na wodi ilikuwa imefika mia na kumi na nne.

"Huu sasa ni ukaidi," akasema Mheshimiwa. Maji ya mvua yalikuwa yamejikusanya chini ya kiti chake, na Bwana Shomvi alikuwa ameyaita chemchemi. "Ijumaa wodi ichimbwe. Wanawake wavuke."

Sasa, katika nchi ile kulikuwa na desturi moja ya zamani, kabla hata ya redio. Mtu hakuadhibiwa mpaka kosa lake lisomwe mahali lilipotendeka, mbele ya aliyekosewa, naye akiwa amekaa. Kama mwizi aliiba kuku, mwenye kuku huletewa kigoda bandani, anakaa, kosa linasomwa, ndipo watu wanaendelea. Ni desturi nzuri. Inampa mwenye kuku nafasi ya kupumzika.

Bi Sikudhani alikwenda kwa Bwana Shomvi Alhamisi, amefunga kilemba kipya, sauti laini.

"Mwanangu, mimi nimekubali kosa. Naomba tu lisomwe kwa desturi. Sakafu hii imemkosea Mheshimiwa, basi aje akae juu yake, tumwombe radhi."

Bwana Shomvi machozi yakamlenga. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumwomba utaratibu.

Mimi nilimuuliza Mwanasiti kama Bi Sikudhani alijua kitakachotokea. Akaniambia, "Wifi, angekuwa hajui, asingevunja fremu ya mlango usiku wa kuamkia siku hiyo ili kile kiti kipite."

Ijumaa asubuhi wanaume wanane wakakibeba kiti kutoka mashariki kwenda magharibi. Mwanzo walipanda, halafu wakashuka mashimoni na kutoka mashimoni, wakafika wodini ndimi nje. Kikawekwa katikati ya vitanda, kikatandikiwa kanga mpya. Mheshimiwa akaingia, anawapungia wazazi kama yuko uwanjani. Akakaa.

Na alipojiweka sawa kwenye kile kiti, akatulia. Akasogea kulia, kiti hakikusogea. Akasogea kushoto. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu kiangazi. "Hapa pametulia," akasema.

Bwana Shomvi alisoma kosa. Lilikuwa refu. Katikati ya kusoma akasimama ghafla, uso umebadilika rangi.

"Injinia," akasema kwa sauti ndogo. "Mheshimiwa amekaa hapa."

"Naona."

"Basi hapa ni mia."

Injinia Makungu akamtazama. Akamtazama Bi Sikudhani, aliyekuwa anakunja shuka. Na kwa mara ya kwanza katika hadithi hii, Injinia akafurahi kutii amri. "Ni lazima tupime upya," akasema. "Itifaki."

Mpira ukazungushwa. Wodi: mia. Jikoni, chini ya mia. Mhasibu, chini ya mia. Katibu muhtasi, chini. Kila namba ilipoletwa watu walipiga makofi, na makarani mashimoni wakakumbatiana. Jumba zima lilikuwa limerudi kwenye utii, chumba kwa chumba. Bwana Shomvi aliruka juu kama mtoto wa mbuzi. Kosa lililokuwa linasomwa halikuwa na mkosaji tena, likakunjwa.

"Wodi haina hatia," akasema Mheshimiwa kwa sauti ya kuhutubia. "Haiko juu yangu wala chini yangu. Iko nami. Isichimbwe." Akashika mikono ya kiti ainuke. "Haya, twende ofisini."

Hapo ndipo Bwana Shomvi akapiga magoti.

"Mheshimiwa. Ofisi yako."

"Imefanyaje?"

"Ni themanini na sita."

Mheshimiwa akaachia mikono ya kiti.

"Mtu wa mia," Bwana Shomvi akasema, anakaribia kulia, "atashukaje kwenye themanini na sita kwa miguu yake mwenyewe? Huko ni kujishusha cheo. Na mwenye uwezo wa kukushusha cheo ni mmoja tu, naye yuko mji mkuu."

"Nani ameishusha ofisi yangu?"

"Bado hajateuliwa, Mheshimiwa."

Wakapiga simu mji mkuu. Mji mkuu ukasema jambo ni zito, lisiguswe, mwenye mia abaki kwenye mia yake mpaka tume iundwe, na kwamba kuunda tume kwanza kunahitaji tume.

Basi Mheshimiwa akabaki. Na kabla hajamaliza kushangaa, Mwajabu akashika chuma cha kitanda, akasema kwa utaratibu kabisa, "Bi Sikudhani. Tayari."

"Wanaume nje!" Bi Sikudhani akapaza sauti.

Wakatoka wote, isipokuwa mmoja.

"Mimi siruhusiwi kutoka," akasema Mheshimiwa kwa unyonge.

"Basi geuka ukutani."

"Mama, unajua unazungumza na nani?"

"Nakufahamu tangu ulipotanguliza miguu, Ngwali. Geuka ukutani, na ukitaka kuzimia, zimia kimyakimya."

Akageuka. Mwajabu akawa anauma upindo wa kanga, anapumua, anamwita mama yake ambaye hayupo. Mheshimiwa alikuwa anautazama ukuta, na Mwanasiti aliyekuwa anaandaa maji ya moto anasema masikio yake yalikuwa mekundu na alikuwa anapumua pamoja na Mwajabu bila kujijua. Akivuta huyu, anavuta na yule. Pale kati pakawa pagumu. Bi Sikudhani aliacha maskhara, mikono yake ikawa inafanya kazi haraka. Halafu kikasikika kilio kidogo, kikali, cha mtu aliyeudhika.

"Wa kiume," akasema Bi Sikudhani. "Na ana hasira. Mzima."

Mwajabu alicheka na kulia, vyote kwa mara moja. Mkono wake haukuachia kile kichanga hata walipotaka kukifuta.

Bwana Shomvi akachungulia mlangoni, kiganja kimefunika macho. "Samahani. Kitanda kimempita Mheshimiwa kwa urefu. Na mtoto yuko juu ya kitanda."

"Huyu hajasajiliwa," akasema Bi Sikudhani. "Bado hana kimo. Funga mlango."

Jumatatu, saa nne ya chai, ofisi ya mashariki iliondoka. Haikuanguka kwa kishindo kikubwa. Iligeuka tu upande, kama mtu anayetafuta ubavu wa kulalia, ikaingia ardhini pamoja na bendera, mmea wa kijani, chemchemi na meza ya mikutano. Hakuna aliyekuwemo, kwa sababu hakuna aliyethubutu kukaa ofisini kwa mkubwa wakati mkubwa yuko wodini. Palipokuwa na zulia pakabaki shimo, na kando yake makarani wamesimama na vikombe vyao.

Redio ikatangaza kwamba ofisi imeteremka kwa hiari, na kwamba Mheshimiwa aliliona hilo mapema, ndiyo maana alihamia miongoni mwa akina mama. Injinia Makungu akapewa nishani ya kupima. Akaomba ruhusa ya kupima tena akianzia kwenye lile jabali, wakamnyang'anya nishani.

Ila wodi, Wifi, Mwanasiti akaniambia, ungeiona. Yale mapaa yaliyovuja miaka yote yakazibwa siku moja, kwa sababu tone lilimwangukia Mheshimiwa kwenye kipara. Maji ya bomba yakaja. Vyandarua vikaja, kimoja kikubwa cha hariri na vingine vya kawaida. Gari la kubeba wagonjwa, lililokuwa linabeba majani ya ng'ombe shambani, likarudi likinuka ng'ombe. Bango likapigwa msumari mlangoni: Ni marufuku kuchimba hapa. Na lile daraja likaanza kujengwa kweli, maana kutoka pale dirishani Mheshimiwa aliliona halipo, kila akiamka.

Siku moja, jua la baada ya chakula cha mchana limetulia, wodi yote ilikuwa imelegea kwa usingizi. Wazazi wamelala. Vichanga vimelala. Wale wanane wa kiti wamelala ukumbini wamepangana. Injinia amelala juu ya mpira wake. Bwana Shomvi amelala wima, kichwa kwenye bango. Mwanasiti naye alikuwa anasinzia juu ya sufuria, jicho moja liko wazi, ndiyo maana tunayajua haya.

Mtoto wa Mwajabu peke yake ndiye aliyekuwa analia. Mwajabu alikuwa amelala fofofo, mkono bado uko juu ya kitanda cha mtoto. Bi Sikudhani alikuwa amekesha siku mbili. Alimbeba, akambembeleza, macho yanamfunga akiwa anatembea. Akafika kwenye kile kiti.

"Ngwali, mshike."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliye macho."

Akamtia mkononi, akaenda kujilaza kitanda kitupu, na kabla shuka halijamfika kifuani alikuwa anakoroma.

Mheshimiwa akamtazama mtoto. Mtoto akamtazama Mheshimiwa, akaachia ukelele. Mheshimiwa akamtikisa, haikusaidia. Akampulizia, ikawa mbaya zaidi. Wimbo hakujua hata mmoja. Katika maisha yake aliimbiwa tu. Basi akatoa alichokuwa nacho.

"Ndugu wananchi," akaanza kwa sauti ya chini, anamtikisa kidogo. "Awali ya yote, napenda kuchukua fursa hii adhimu..."

Mtoto akanyamaza.

"...kuwashukuru kwa kujitokeza kwa wingi. Jimbo letu limepiga hatua. Tumepiga hatua katika barabara. Tumepiga hatua katika maji. Katika sekta ya mifugo..."

Mtoto akapiga miayo, mdomo mzima. Alipofika kwenye sekta ya madini alikuwa amelala, ngumi imeshika kifungo cha koti la Mheshimiwa.

Lakini hotuba ile ilikuwa na urefu wake, na Mheshimiwa hakuwahi kujifunza namna ya kuishia katikati. Akaendelea peke yake, polepole, wodi nzima inakoroma. Mwanasiti anasema ilikuwa mara ya kwanza mtu yule kuisikiliza mwenyewe. Akapita kwenye changamoto. Akapita kwenye mikakati. Kichwa kikaanza kuinama. Alipofika pale pa "na kabla sijamaliza," akalala.